Nani Anamfuatilia Mwenye Goti Jipya?

Upasuaji wa kuweka goti bandia huchukua saa moja na nusu hivi, mara nyingine mbili. Daktari hukata ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya muundi, huvika kila moja chuma kilichochongwa kwa kipimo, kisha huweka kipande cha plastiki ngumu katikati ili vyuma visisagane. Mguu uliokuwa umepinda unanyooka palepale mezani. Mgonjwa akizinduka, sehemu kubwa ya kazi ya daktari imekwisha, na ya kwake ndiyo kwanza inaanza: wiki 6 hadi 12 za kukunja, kunyoosha, kuinua na kutembea, nyingi kati ya hizo akiwa nyumbani, mbali na mtu yeyote aliyesomea mambo hayo.

Wiki hizo ndizo kampuni za teknolojia zinazozikimbilia siku hizi. Ziko programu za simu zinazoonyesha mazoezi, kamera zinazohesabu goti limekunjwa mara ngapi, mikanda yenye vihisi inayofungwa pajani, na saa za mkononi zinazorekodi hatua. Mwezi Agosti 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha Persona IQ, goti bandia lenye vihisi ndani ya chuma chenyewe. Linapima hatua, kasi ya mwendo na mkunjo wa goti, kisha linatuma takwimu hizo kwenye kifaa kilichowekwa nyumbani kwa mgonjwa ili daktari azione.

Kwa mgonjwa wa Tanzania au Kenya, mengi ya haya ni habari za mbali. Swali lililo nyuma yake, hata hivyo, linatugusa sisi kuliko linavyowagusa Wamarekani: mtu akishapasuliwa na kurudi kwao, nani anamfuatilia, na kwa njia gani? Naona utafiti uliofanywa tangu mwaka 2011 umejibu waziwazi kuliko matangazo ya vifaa yanavyotaka tuamini. Umbali unaweza kuzibwa kwa simu, hata simu ndogo, mradi upande wa pili kuna mwenye ujuzi ambaye kazi yake, kwenye ratiba na kwenye mshahara, ni kupokea na kujibu. Asipokuwepo mtu huyo, kifaa cha bei yoyote hakikunji goti.

Goti hupimwa kwa digrii. Mguu ulionyooka kabisa ni sifuri. Kutembea kwenye ardhi tambarare kunahitaji mkunjo wa digrii 60 hadi 70. Kupanda ngazi, au kukanyaga kidaraja cha daladala, kunahitaji zaidi ya 80. Kuinuka kwenye kiti bila kujivuta kwa mikono kunahitaji zaidi ya 90. Ukija kwenye kuchuchumaa chooni au kukaa kwa tahiyatu ndani ya swala, hesabu inaruka hadi 130 na kuendelea, na huko magoti bandia mengi hayafiki; walio wengi huishia kati ya 110 na 120. Jambo hili mgonjwa anapaswa kuambiwa kabla hajatia saini ya kukubali upasuaji. Huenda akaswali kwenye kiti, na ruhusa ya dini ipo. Huenda familia ikalazimika kutengeneza choo cha kukalia. Kuyasikia hayo baada ya kupasuliwa ni uchungu usio wa lazima.

Kinachofanya wiki za mwanzo ziwe na uzito ni mambo mawili yanayokwenda pamoja ndani ya mguu. La kwanza ni misuli ya mbele ya paja. Katika mwezi wa kwanza baada ya upasuaji hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na sehemu kubwa ya upotevu huo haitokani na misuli kukonda. Uvimbe na maumivu hupeleka ishara kwenye uti wa mgongo, nao unapunguza amri inayofika kwenye misuli. Msuli uko hai lakini hauitwi kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana zoezi la kwanza kabisa huonekana dogo mno: kulala chali, kukaza paja, kulisukuma goti chini kwenye godoro, kuhesabu hadi tano, kuachia. Mgonjwa hujiona kama hafanyi kitu, kumbe anaifungua upya njia kati ya ubongo na paja.

La pili ni kovu la ndani. Mwili unapojitibu hutengeneza nyuzi ngumu kuzunguka kiungo, na kiungo kisiposogezwa nyuzi hizo hukakamaa. Goti lisilofika digrii 90 baada ya wiki 6 hivi humfanya daktari afikirie kumlaza mgonjwa tena kwa dawa ya usingizi na kulikunja kwa mkono. Hatua hiyo hufaa zaidi ikifanywa kabla ya wiki 12. Baada ya hapo kovu limekomaa. Mtu aliyeshindwa kukunja goti na akaonekana kliniki mwezi wa tano amechelewa.

Upande wa kunyoosha nao una mtego wake, tena unaotegwa kwa mapenzi. Goti lililovimba hupata nafuu likiwa limekunjwa kidogo, kwa hiyo mama mkwe, binti au mjukuu humwekea mgonjwa mto chini ya goti. Analala vizuri. Baada ya wiki tatu mguu umezoea kupinda, na kuurudisha sifuri ni kazi ya machozi. Mto unapaswa kuwekwa chini ya kisigino, goti likining'inia bila kuegemea kitu. Ni jambo la sentensi moja, ila lazima awepo wa kuisema siku ya tatu, na wa kuuliza siku ya kumi kama bado linafuatwa.

Mashine zimewahi kuahidi kuifanya kazi hii. Katika miaka ya 1970 daktari wa mifupa Robert Salter wa Toronto alisimama kidete dhidi ya desturi ya kufunga viungo visisogee, akajenga hoja kwamba gegedu hupona vizuri zaidi kiungo kikitembezwa. Kutokana na wazo hilo, zuri kabisa, kulitokea mashine inayowekwa kitandani, mguu ukafungwa juu yake, nayo ikaukunja na kuunyoosha polepole kwa saa nyingi mgonjwa akiwa amelala. Hospitali nyingi tajiri zilizinunua kwa ajili ya wagonjwa wa goti bandia. Mwaka 2014 mapitio ya mtandao wa watafiti uitwao Cochrane yalikusanya majaribio yaliyofanywa na kupima faida yake katika kukunja: digrii 2 hivi. Hakuna anayepanda ngazi akaihisi tofauti ya digrii 2. Mashine ilikuwa inakunja goti huku misuli ya paja ikipumzika, na misuli ndiyo iliyokuwa na shida.

Majaribio ya teknolojia ya kidijitali yalikuja na matokeo tofauti, na inafaa kuyatazama kwa karibu. Mwaka 2011 Trevor Russell na wenzake katika jimbo la Queensland, Australia, walichapisha jaribio la wagonjwa 65. Nusu walihudhuria fiziotherapia ana kwa ana, nusu walihudumiwa kwa intaneti, kwa wiki 6. Waliohudumiwa kwa mbali hawakuwa nyuma ya wenzao. Mwaka 2015 Hélène Moffet na wenzake wa Quebec, Kanada, walipanua zoezi hilo hadi wagonjwa 205: vipindi 16 katika miezi miwili, ama mtaalamu akija nyumbani kwa mgonjwa, ama wakionana kwa video. Matokeo yalilingana tena. Walipopiga hesabu ya gharama, kipindi cha video kilikuwa nafuu kwa dola 12 hivi za Kanada kuliko cha kutembelewa, na nafuu hiyo ilionekana pale mgonjwa alipokaa zaidi ya kilomita 30 kutoka kwa mtaalamu.

Kilomita 30. Kwa Quebec huo ulikuwa mpaka wa umbali unaostahili kuzibwa kwa video. Mtu wa Songea aliyefanyiwa upasuaji Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, ana zaidi ya kilomita 900 za kurudi. Wa Lodwar aliyepasuliwa hospitali ya Kikuyu au Kijabe ana zaidi ya 600. Safari yenyewe ya basi, goti likiwa limekunjwa kwenye kiti chembamba kwa saa kumi na zaidi, inaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya mguu. Ikiwa hoja ya umbali ina nguvu mahali popote duniani, ina nguvu hapa.

Jaribio lililovuma zaidi ni VERITAS, lililoratibiwa na Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2020. Wagonjwa 306 waligawanywa: kundi moja likapata fiziotherapia ya kawaida, jingine likapelekewa nyumbani mfumo wenye kamera inayosoma mwili katika vipimo vitatu, na mwalimu wa kuchorwa kwenye skrini anayeonyesha zoezi na kumsahihisha mgonjwa. Baada ya wiki 12 makundi yalikuwa sawa kwa maumivu, mkunjo na kasi ya kutembea. Gharama za baada ya hospitali, kwa mgonjwa wa katikati ya orodha, zilikuwa dola 1,050 kwa kundi la mfumo na dola 2,805 kwa wenzao. Waliorudi kulazwa walikuwa 12 dhidi ya 30. Taarifa ya kuanguka ilikuwa juu kidogo kwa wale wa mfumo, tofauti ambayo huenda ni ya bahati tu, lakini ya kuangaliwa. Jambo ambalo matangazo huliruka ni kwamba nyuma ya mwalimu yule wa kuchorwa alikuwepo mtaalamu wa kweli wa fiziotherapia, aliyepokea takwimu za kila mgonjwa, akazungumza naye kwa video na kubadilisha mazoezi kadiri alivyoendelea.

Kuna jaribio jingine ambalo ningependa kila anayepanga kununua programu alisome kwanza. Lilifanyika Philadelphia na kuchapishwa mwaka 2019, likiwa na wagonjwa 290 katika makundi matatu: waliokwenda kliniki ya fiziotherapia, waliofuata mazoezi kwenye tovuti, na waliopewa kijitabu cha karatasi. Mkunjo wa goti uliokuja baadaye haukutofautiana. Karatasi ilisimama sambamba na tovuti. Na mwaka 2017 watafiti wa Sydney, katika jaribio la wagonjwa 165, walionyesha kuwa kulazwa siku kadhaa kwenye kituo cha mazoezi hakukuwapa wagonjwa mwendo bora kuliko programu ya nyumbani inayofuatiliwa.

Ukiyaweka yote pamoja, unaona kuwa goti linakubali kutibiwa nyumbani, na kwamba aina ya chombo kinacholeta maelekezo ina uzito mdogo kuliko ilivyodhaniwa. Lakini haifai kuyasoma kama kibali cha kumpa mtu karatasi na kumuaga mlangoni. Mengi ya majaribio haya yaliuliza kama njia mpya ni duni, nayo yakaonyesha siyo. Hayakuonyesha kwamba ni bora. Wagonjwa wa majaribio hayo waliandaliwa kabla ya upasuaji, walikuwa na namba ya kupiga, na goti lilipokwama walikuwa na kliniki ya kurudia. Mgonjwa wa Philadelphia mwenye kijitabu alikuwa amezungukwa na mfumo mzima ambao kijitabu hakiuonyeshi. Na hata huko kwenye mfumo huo, takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hubaki hajaridhika na goti lake jipya, idadi ambayo vifaa vya kidijitali havijaibadilisha.

Upande wetu, Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wa utengamao chini ya 10 kwa kila watu milioni 1. Tanzania ina shule ya fiziotherapia katika hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofundisha wataalamu kwa miongo kadhaa, na Kenya ina vyuo vyake, lakini wahitimu hujikusanya mijini kama wahitimu wa fani nyingine. Kwa hiyo swali la simu hapa halianzi na kuokoa dola 12 kwa kipindi. Kwa wagonjwa wengi, kipindi cha pili hakipo kabisa.

Mfano ninaouona bora kuliko wote kwa hali hii haukutokana na magoti. Ulitokana na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, nchini Kenya, katika jaribio la WelTel lililochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2010. Watu 538 waliokuwa wakianza dawa waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata kila wiki meseji yenye neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu shida alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Asiyejibu naye alipigiwa. Mwishowe asilimia 62 ya waliopata meseji walikuwa wakimeza dawa inavyotakiwa, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao, na waliofubaza virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Tazama jinsi mfumo ule ulivyojengwa. Haukuhitaji simu janja, bando wala kusoma maelezo marefu. Haukumkumbusha mtu kumeza dawa, wala haukumsimanga. Ulimjulia hali, kisha ukahakikisha kuwa kimya nacho kinahesabiwa kama jibu. Muuguzi hakuhitaji kuwapigia wagonjwa wote. Alijua wa kuwapigia wiki hiyo. Kwa mgonjwa wa goti muundo huu unafaa karibu bila kubadilishwa, kwa sababu anayekwama hunyamaza. Maumivu humkatisha tamaa, anaacha mazoezi, anaona aibu kusema ameacha, na tarehe ya kliniki ikifika hana nauli. Programu ya bei ghali inayosubiri afungue mwenyewe itamkosa. Meseji inayohesabu ukimya wake itampata.

Juu ya msingi huo ndipo vitu vingine vinaweza kupandishwa, kila kimoja kwa sababu yake. Meseji mara mbili kwa wiki mwezi wa kwanza. Simu ya sauti kwa anayesema shida. Video ya WhatsApp kwa goti linalohitaji kuonekana, pale palipo na mtandao na simu ya kuwezesha hilo. Picha ya jeraha ikihitajika. Video fupi za mazoezi kwa Kiswahili, zenye bibi au babu wa kwetu akifanya zoezi kwenye kitanda cha kamba au kwenye mkeka, zikiwekwa kwenye simu ya familia kabla mgonjwa hajaondoka wodini ili zisile bando. Kipimo cha digrii kinaweza kutolewa na programu ndogo ya simu inayosoma mwinamo, simu ikilazwa juu ya muundi, nayo hukaribia kipimapembe cha kliniki kwa tofauti ya digrii chache. Vihisi vya kuvaa na saa viko mbali zaidi kwenye ngazi hii, na sioni hospitali ya umma ikivihitaji kabla ya ngazi za chini kusimama imara.

Simu nzuri ya ufuatiliaji ni fupi na ina maswali yake. Anayepiga anaanza kama inavyostahili: "Shikamoo bibi." Akiitikiwa "Marahaba, mwanangu," hajibiwi tu salamu; anasikia pumzi na uchovu wa sauti. Kisha anauliza vitu vinavyoonekana. Ukiketi kitini na kuvuta mguu nyuma, kisigino kinafika usawa wa goti au kimepita? Ukilala chali, kiganja cha mjukuu kinapita chini ya goti? Usiku mto uko wapi? Jana ulikwenda chooni mwenyewe au ulishikwa? Maswali manne kama hayo yanampa mtaalamu picha ya kutosha kuamua kama wiki hii ni ya kuendelea, kuongeza au kuitwa. "Unaendeleaje?" peke yake italeta "Namshukuru Mungu", na simu itakatwa bila mtu kujua lolote.

Nyumba zetu zina nguvu ambayo watafiti wa Quebec wangeitamani. Mgonjwa ni nadra kuwa peke yake. Yupo binti wa kushika fremu ya kutembelea, yupo mjukuu anayejua kupiga video, na kanga iliyopitishwa chini ya unyayo, ncha zake mbili zikishikwa mkononi, inatosha kuvutia kisigino kuelekea makalio katika zoezi la kukunja. Lakini simu ya nyumbani pia ni ya watu wengi. Mwenye simu yuko shambani au dukani hadi jioni, kwa hiyo kupiga saa nne asubuhi ni kupoteza vocha. Na kumwomba mama mtu mzima afunue paja mbele ya kamera iliyoshikwa na kijana wa kiume si jambo dogo. Mtaalamu anapaswa kuuliza nani ameshika simu, kukubali zoezi lifanywe kwa suruali laini au bukta ndefu chini ya kanga, na pale inapowezekana, mama ahudumiwe na mtaalamu mwanamke. Wanaobuni programu huandika kwamba wagonjwa wazee "hawataki teknolojia". Mara nyingi wamekataa kuvunjiwa heshima.

Mkono wa mtu unabaki na kazi yake. Kwa video huwezi kugusa goti ukajua kama joto lake ni la uponyaji au la maambukizi. Huwezi kusukuma pia ya goti ukahisi kama inateleza au imenata. Kwa hiyo simu kutoka hospitali kubwa ingefaa kuunganishwa na mtaalamu aliye karibu na mgonjwa, hata wa hospitali ya wilaya ambaye hajawahi kuona goti bandia. Huyo anashika, mwenzake wa Muhimbili au Moshi anamwongoza kwenye skrini, na baada ya wagonjwa watano wilaya ina mtu anayejua. Faida hii ya pili naiona kubwa kuliko ya mgonjwa mmoja mmoja, nayo haitangazwi na muuza programu yeyote.

Ziko dalili ambazo hazingoji meseji ya wiki. Shavu la mguu likivimba na kuuma, hasa upande mmoja, huenda ni damu iliyoganda. Ikifuatiwa na kubanwa kifua na kukosa pumzi, ni dharura ya dakika. Jeraha likitoa usaha au majimaji yasiyokoma, homa ikipanda, goti likiwa jekundu na la moto kuliko jana, mgonjwa aende hospitali siku hiyo hiyo, na asianze vidonge vya kuua bakteria vya duka la dawa, kwa kuwa vinaweza kuficha maambukizi yaliyofika kwenye chuma. Maneno haya yawe kwenye karatasi ukutani na kwenye sauti iliyorekodiwa simuni. Na namba ya dharura iwe ya bure. Tanzania imeshaonyesha hilo linawezekana: mpango wa m-mama, unaowasafirisha wajawazito na watoto wachanga wenye dharura, unafikiwa kwa kupiga 115 bila malipo kwenye simu yoyote.

Suala la siri linahitaji ukali zaidi kuliko linavyopewa. Picha za majeraha na mapaja ya wagonjwa hukaa kwenye simu binafsi za madaktari na wauguzi, pamoja na picha za harusi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na taarifa za afya zimewekewa ulinzi wa ziada katika zote mbili. Hospitali inayotaka kuwafuatilia wagonjwa kwa simu inunue simu ya wodi, yenye namba ya wodi, inayobaki kazini zamu inapobadilika. Mgonjwa asimfuate mtaalamu aliyehama kwa namba ambayo haipokelewi tena.

Hatari ya kutegemea kampuni ya mbali nayo tumeiona jirani. Huduma ya Babyl ilianza Rwanda mwaka 2016, ikawaunganisha wananchi na wauguzi na madaktari kwa simu za kawaida, ikaingia kwenye bima ya afya ya jamii na kuandikisha watu zaidi ya milioni 2. Kampuni mama ya Uingereza ilipoanguka mwaka 2023, huduma ikafungwa. Huduma ile ilikuwa na thamani ya kweli kwa wananchi, na bado haikuokoka, kwa sababu ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa mwekezaji wa nchi nyingine. Ufuatiliaji wa goti hauhitaji utegemezi huo. Unaweza kuendeshwa na daftari, laini ya simu na mtaalamu mmoja mwenye saa mbili kila siku zilizotengwa.

Saa mbili hizo ndipo ugumu wote ulipo. Mtaalamu wa fiziotherapia hospitali ya rufaa ana foleni mlangoni, na simu anayopiga haionekani kwenye takwimu za idara, haina ankara, haimpunguzii mtu foleni. Akiwa na moyo atapiga baada ya kazi kwa vocha yake, na akichoka ataacha. Mifuko ya bima, sasa Tanzania ikitekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 na Kenya ikiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ingepaswa kulipia kifurushi cha goti kama kitu kimoja: upasuaji, na wiki 12 za kufuatiliwa. Bima inayolipia chuma cha mamilioni na kukataa simu ya dakika kumi inajinyima faida ya chuma ilichokilipia.

Wagumu zaidi kuhudumiwa ni wanaorudi kutoka India. Kila mwaka watu wa Afrika Mashariki hupasuliwa Chennai, Delhi au Hyderabad, hukaa huko wiki mbili tatu, kisha hupanda ndege. Hospitali za huko huwa na programu nzuri ya simu, kwa Kiingereza, yenye mtaalamu anayepatikana saa za India. Hapa nyumbani hakuna aliyekabidhiwa mgonjwa. Daktari wa hapa anasita kuligusa goti ambalo hakulifanya, na mgonjwa hana karatasi ya kumwondolea shaka. Kabla ya kuondoka huko anapaswa kudai vitu vinne kwa maandishi: aina na kipimo cha goti alilowekewa, digrii za kukunja na kunyoosha siku ya kuruhusiwa, uzito anaoruhusiwa kuukanyagia mguu, na dawa ya kuzuia damu kuganda aliyopewa pamoja na tarehe ya kuiacha. Hospitali yoyote ya rufaa hapa inaweza kumpokea kwa karatasi hiyo, kumwandikisha kwenye daftari lilelile la simu kama mgonjwa wake, na kuanza kumtumia meseji wiki hiyohiyo anayotua.